Mrejesho: benki iliyohesabu rolex zangu

Ndugu zangu, niliuliza kama ni halali afisa wa benki hapa Kampala kunipigia simu akinisema kwa kununua rolex (ile chapati ya kuviringishwa na mayai) kila asubuhi na kubeti kila Jumamosi. Nimeenda tawini. Meneja akaanza na habari za fedha haramu. Nikamwambia sheria ya 2013 inataka miamala ya taslimu inayozidi shilingi milioni 20 iripotiwe, sasa chapati na mayai vinaingiaje? Nilipotaja sheria ya ulinzi wa data ya 2019, inayoniruhusu kukataa taarifa zangu zitumike kunitangazia biashara, sauti ikashuka. Kumbe walitaka kuniuzia akaunti ya akiba! Wameniondoa kwenye orodha ya matangazo yao, kwa maandishi. Afisa mwenyewe kaomba radhi, kisha akanong'ona, "Lakini bosi, kubeti punguza."