Wateja wananiomba nikaangalie stoo kila saa. Niende au nijibu hapo hapo?

Mpanga Shelfu:
Habari zenu wakuu. Nimeajiriwa supamaketi, kazi yangu ni kupanga bidhaa. Kutwa nzima nasikia, "Hebu niangalizie stoo." Msimamizi anasema kisichokuwepo kwenye shelfu kimeisha, nisiache eneo langu. Baadhi ya wenzangu wanaingia, wanasimama nyuma ya mlango kidogo, wanatoka na kusema haipo. Hilo linaniumiza, maana mteja anaondoka akiamini ametafutiwa. Juzi alikuja mama na kopo tupu la maziwa ya mtoto mkononi, anataka namba 1 ya aina ile ile. Nikaingia, nikaikuta katoni nzima chini ya katoni za nepi, haijafunguliwa hata gundi. Nikamletea. Msimamizi akanifokea mbele yake. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kufanya kazi hii.

Mzee wa Stoo:
Mdogo wangu, ulifanya vyema, ingawa msimamizi wako naye ana sehemu ya ukweli. Siku hizi maduka mengi hayaweki akiba kubwa nyuma. Mzigo ukishuka unapangwa, na kinachobaki stoo ni ziada iliyokosa nafasi na bidhaa za ofa zinazosubiri siku yake. Mkate, kwa mfano, mara nyingi msambazaji huleta na kuupanga mwenyewe, kwa hiyo ukienda utapoteza muda. Ila kama mzigo umeshuka leo na haujapangwa wote, nenda bila kusita.

Kabla ya kwenda, tazama shelfu za jirani, kichwa cha njia wanapoweka ofa, na toroli la vitu vilivyoachwa kaunta. Kisha skani lebo ya bei uone kompyuta inasema vimebaki vingapi. Hapa ndipo wengi hawajui: ikisema vipo 6 na shelfu ni tupu, huenda viko stoo, au viliibwa, au vilivunjika bila kuandikwa. Na pale mfumo unapoagiza wenyewe kwa kufuata idadi hiyo, ukiamini vipo 6 hauagizi vingine. Shelfu inabaki tupu hadi mtu ahesabu na kusahihisha. Kwa hiyo hata ukirudi mikono mitupu, safari yako imefaa, mradi utoe taarifa.

Mama Wawili:
Naongea kama mteja. Ukiniambia, "Haipo, mzigo unaofuata unashuka kesho kutwa," naridhika kabisa, najua nijipange vipi. Kinachotuumiza ni kudanganywa. Na tafadhali, mama akikosa namba 1 msimwambie achukue namba 2. Namba 1 ndiyo ya mtoto mchanga, namba 2 ni kuanzia miezi 6. Bora umwelekeze duka jingine.

Msimamizi Mstaafu:
Kukufokea mbele ya mteja si sawa, lakini usibishane naye pale pale. Mfuate zamu ikiisha, umuulize: nikiombwa, nani ashike eneo langu, na nisizidishe dakika ngapi? Akikupa jibu, umepata ruhusa. Mteja naye asikufuate ndani, kule kuna mizigo inayosogezwa. Na usichomoe katoni ya chini ukiacha za juu zikining'inia, hata kama mteja ana haraka.

Mpanga Shelfu:
Nashukuru sana wakuu. Tatizo sisi wapangaji hatupewi kifaa cha kuskani, anacho mtunza stoo peke yake.

Mzee wa Stoo:
Basi nakili namba iliyo kwenye lebo ya shelfu, siyo jina tu, maana bidhaa moja ina saizi nyingi. Mpelekee yeye akuangalizie idadi. Jioni mpe orodha ya zote ulizoulizwa ukazikosa. Akiona zinarudiarudia, atakuja mwenyewe kuhesabu.