XP haioni diski, skrini ya bluu 7B

Wakuu habari, nina desktop inaendesha mashine ya kukatia stika na programu yake haitaki kitu kingine zaidi ya Windows XP, sasa kila nikibuti CD ya kuinstall inapakia mafaili weee halafu inaleta skrini ya bluu 0x0000007B. Diski nimeijaribu kwingine ni nzima. Nakosea wapi?

Jibu 1:
Mkuu diski haina shida. XP ni ya 2001, CD yake haina draiva (programu za kuendeshea vifaa) za AHCI, mfumo mpya zaidi wa kuongea na diski, kwa hiyo haijui kuongea na kontrola ya SATA (sakiti inayounganisha diski). Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), kwenye SATA Mode toa AHCI weka IDE, mfumo wa zamani ambao XP inaujua, sevu, anza upya.

Jibu 2:
IDE inasaidia ila usije ukarudisha AHCI kabla hujaweka draiva, 7B itarudi ile ile. Mimi naingiza draiva ndani ya CD kwa nLite (programu ya kuhariri CD ya Windows), unakopi CD kwenye folda, unachagua draiva yenye faili la txtsetup.oem (XP hulisoma wakati wa kuinstall) na siyo ile ya setup.exe, unatengeneza ISO (faili moja lenye CD nzima) unachoma. Njia ya kubonyeza F6 CD ikianza kupakia ili uipe draiva inataka flopi, watu wanahangaika na flashi hapo siku nzima bure.

Muulizaji:
BIOS yangu haina IDE kabisa, najaribu nLite jioni.

Muulizaji:
Imekubali!! Chipset (chipu kuu za ubao wa kompyuta) ni ya Intel, nikachukua draiva ya 32-bit na diski ikaonekana fasta. Asanteni sana wakuu, kesho kazi inaendelea.