Mbinu zilizoachwa: zifutwe kwenye mwongozo au zibaki?

Swali

Ndugu wanajukwaa, ninaandaa mwongozo wa Kiswahili wa maktaba sanifu ya lugha ya programu ya Python kwa ajili ya wanafunzi wangu, nami nimefika kwenye moduli ya datetime, inayoshughulikia tarehe na saa, ambayo mbinu yake ya utcnow iliwekwa kwenye kundi la zilizoachwa (deprecated) katika toleo la 3.12 la mwaka 2023. Je, niifute kabisa ili wasiizoee, au niibakize pamoja na onyo? Na onyo hilo liseme nini?

Jibu la 1

Ndugu mwalimu, usiifute. Wanafunzi wataikuta katika programu za zamani, na atakayeitafuta kwenye mwongozo asiione atabaki akikisia. Kasoro ninayokutana nayo mara nyingi ni mwandishi kusema "imepitwa na wakati" na kuishia hapo. Taja toleo, taja mbadala wake, ambao ni datetime.now(timezone.utc), na zaidi ya yote eleza sababu. Mbinu ya utcnow hutoa saa ya UTC (saa ya kimataifa ya marejeo) isiyobeba taarifa ya ukanda wake, kwa hiyo mbinu nyingine nyingi huichukulia kuwa ni saa ya mahali kompyuta ilipo. Kwenye kompyuta iliyowekwa majira ya Nairobi au Dar es Salaam, utcnow().timestamp(), inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, hutoa jibu lililo nyuma kwa sekunde 10,800, yaani muda wa saa 3, wala hakuna kosa linaloonyeshwa. Waache waujaribu mfano huo wenyewe.

Jibu la 2

Naunga mkono, ila tofautisha hali mbili: kuna mbinu isiyopendekezwa ambayo itaendelea kuwapo, na kuna iliyokwisha kupangiwa kuondolewa. Lugha ya Java ilianza kutenganisha hali hizo kwa alama ya forRemoval katika toleo la 9, mwaka 2017. Kabla ya hapo Thread.stop, mbinu yake ya kusimamisha uzi (thread) wa programu, ilikuwa na onyo tangu toleo la 1.2, na msomaji hakuweza kujua kama itaondolewa au la. Vilevile, Python kwa kawaida haionyeshi DeprecationWarning (onyo la mbinu isiyopendekezwa) inayotokea ndani ya moduli zilizoingizwa, hivyo wanafunzi waendeshe programu kwa python -W default ili maonyo hayo yaonekane.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimeujaribu mfano wa sekunde 10,800 hapa Morogoro na umetoka vilevile. Aya itabaki, sababu ikitangulia. Neno "zilizoachwa" nitalibadilisha, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kudhani mbinu haipo tena: nitaandika "isiyopendekezwa", na pale penye tarajio la kuondolewa, "itakayoondolewa" pamoja na namba ya toleo.