Ushauri: Mashua ya tanga kutoka Bagamoyo kwenda Mafia, nitie nanga wapi nikipita bandari ya Dar?

Mwambao_Bagamoyo:
Habarini wakuu. Nina mashua ya mbao ya mita 8, tanga moja na mashine ndogo ya kutusaidia upepo ukikatika. Mwezi wa Januari, kaskazi ikishakaza, nataka kuitoa Bagamoyo niipeleke Kilindoni, Mafia. Tutakuwa watatu. Maji ya huku kwetu nayajua, na kuanzia kisiwa cha Kwale kwenda kusini ndugu yangu anayajua vizuri. Kinachoninyima usingizi ni hapo katikati. Nje ya bandari ya Dar meli zimetia nanga zikisubiri zamu, boti za Unguja zinapita kwa kasi, na mlangoni pantoni ya Kigamboni inakatiza kutwa. Kuna wanaoniambia niingie nikalale Feri pamoja na mashua za samaki. Wengine wanasema nipite nje kabisa, usiku. Wenye uzoefu naomba mnisaidie: nilale wapi, na nikatize vipi?

NahodhaMzee:
Mwanangu, umefanya vema kuuliza kabla ya kutweka. Feri iondoe kwenye hesabu. Wavuvi wa pale wanaingia na kutoka kila siku na wanajua pa kujibanza. Wewe ni mgeni, mlango ni mwembamba, una kona, na mkondo wa maji yanayotoka unaweza kukusukuma mbele ya pantoni wakati tanga limelegea.

Halafu usidanganyike kwamba chombo cha tanga kina haki mbele ya mashine popote. Kanuni ya 9 ya sheria za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, inasema chombo chochote cha chini ya mita 20, na chombo chochote cha tanga, kisiizuie meli isiyoweza kupita salama nje ya njia nyembamba. Na ndani ya njia hiyo hutii nanga ila kwa dharura.

Igawe safari. Ng'oa nanga Bagamoyo alfajiri na umande (upepo wa kutoka bara), kaskazi ikiamka ikukute uko njiani. Hadi kisiwa cha Mbudya ni kama maili 25 za baharini, unafika bado jua lipo. Unalala. Asubuhi unakatiza mbele ya bandari mchana kweupe, usiku wa pili unalala kisiwa cha Sinda.

Kisiwani1:
Kwa nini asilale ghuba ya Msasani? Boti nyingi za starehe ziko pale, na huduma ziko karibu.

NahodhaMzee:
Msasani ni pazuri wakati wa kusi. Ghuba imefungua mdomo kaskazini, na Januari mawimbi yanatoka huko huko. Atalala akiyumbishwa usiku kucha. Ila akipata hitilafu, hapo ndipo pa kukimbilia kutafuta fundi.

Mzamiaji_Kunduchi:
Naunga mkono Mbudya. Kaa upande wa magharibi, unaotazama bara, kisiwa kikukinge. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna ada, na nanga isiguse matumbawe. Tafuta mchanga. Maji ni maangavu, mtu asimame omo (mbele ya chombo) achungulie: palipo peupe ni mchanga, palipo na mabaka meusi ni mwamba au majani. Ndiyo maana nasisitiza ufike mchana.

Hesabu kamba kwa maji ya kujaa. Ukitia nanga wakati wa kupwa kwenye mita 3, bamvua (maji makuu) likijaa utakuwa kwenye mita 6 hivi. Kamba ya mita 15 uliyoona ni mara tano ya kina inabaki mara mbili na nusu, na hapo nanga inaanza kuburura ukiwa umelala.

Jambo jingine: kabla ya kufika Mbudya utapita Ras Kiromoni. Nyaya za umeme wa Unguja zinaingilia baharini pale. Usitie nanga eneo hilo hata kama upepo umekata.

BintiMelini:
Mimi nafanya kazi kwenye meli za makontena, nikupe picha ya kutoka juu. Kanuni za usalama zinaruhusu bahari iliyo mbele ya omo isionekane kutoka chumba cha usukani hadi mita 500. Ukiwa ndani ya eneo hilo, sisi hatukuoni. Rada nayo inaweza isiione mashua ya mbao, hasa penye mawimbi. Pandisha kiakisi cha rada cha bati mlingotini na uwe na redio ya VHF ya mkononi, chaneli 16. Ukisikia honi fupi tano mfululizo, ujue nahodha haelewi unachofanya. Geuka waziwazi, aone umegeuka.

Na taa, kaka. Chombo cha tanga cha chini ya mita 7 kinaweza kuruhusiwa kuwa na tochi tu. Chako ni mita 8, kwa hiyo uwe na taa za pembeni na ya nyuma, na ukitia nanga taa nyeupe inayoonekana pande zote.

Mwambao_Bagamoyo:
Ahsanteni sana. Shikamoo mzee. Hizo meli zilizosimama nje nizipite upande gani? Na nitajuaje kama moja imeanza kuondoka?

NahodhaMzee:
Marahaba. Iliyotia nanga hutundika mpira mweusi mbele. Tazama mnyororo: ukiona unapanda, au maji yanachemka nyuma ya tezi, hiyo inaondoka, kaa mbali. Zilizosimama zipite kwa nyuma. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na upepo ukipungua mbele ya omo unaweza kuburutwa hadi kwenye mnyororo.

Njia ya meli yenye maboya karibu na visiwa vya Makatumbe ikatize moja kwa moja kama unavuka barabara, mashine ikiwa inanguruma tayari hata kama tanga linavuta. Ukishavuka usibane pwani ya Kigamboni. Mbele ya Mjimwema kuna boya kubwa la kushushia mafuta, na mabomba yake yanaelea. Lizunguke mbali.

Chagua siku za maji mafu (kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo), mkondo wa mlangoni unakuwa mpole. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) jioni kabla ya kuondoka. Mbele ya Sinda, Ras Kimbiji pako wazi na bahari ni nzito, kwa hiyo kama kaskazi imezidi asubuhi hiyo, bakini Sinda mpaka itulie. Chukueni maji ya kunywa ya kuwatosha siku za kungoja.