Mrejesho: Binti yangu wa darasa la tatu aliyekuwa anaficha madaftari

Habari zenu ndugu zangu. Niliomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka 8 aliyeanza kuficha madaftari chini ya godoro na kulia kila Jumapili jioni. Wengi mlisema ni utundu, achapwe. Dada mmoja akasema apimwe macho kwanza. Dada, Mungu akubariki.

Tumempima, haoni mbali. Nikarudi kwenye yale madaftari: sentensi zimekatikia katikati. Alikuwa ananakili kwa jirani yake wa dawati, mwenzake akifungua ukurasa mwingine naye anaishia hapo hapo. Hakulalamika kwa sababu alidhani kila mtu anauona ubao vile. Daktari anasema tatizo hili mara nyingi huanza katika umri huu wa shule.

Kilichoniuma zaidi ni aibu aliyoibeba. Kati ya miaka 6 na 12 mtoto hujipima sana kwa wenzake, na wangu alishaanza kujiita mjinga. Naombeni sana, mpimeni mtoto kabla ya kushika fimbo!

Sasa anavaa miwani, mwalimu kamsogeza mbele, kilio cha Jumapili kimekwisha. Hesabu za mafumbo bado anazikimbia. Tunakaa naye taratibu baada ya chakula cha jioni.