Mashine "ya pamoja" imelala miezi 11: ruzuku ilinunua chombo, matengenezo aliachiwa nani?

Wakuu, nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 14, na uzi huu nimeuahirisha mara nyingi nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Katika maabara ninayoisimamia, kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja, kuna flosaitomita, yaani mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza, ikazihesabu na kuzitofautisha kwa rangi zinazong'aa ambazo tumezibandika juu yake. Wanaohitaji mashine hiyo ni watafiti wa UKIMWI, wa malaria, wa saratani ya damu na wa chanjo, kwa hiyo kama kuna chombo kinachostahili kuitwa cha pamoja, ni hicho. Leo kimefunikwa kanga ya mwenzangu ili vumbi lisiingie. Ubavuni kina kibandiko chenye jina la mradi uliokwisha, na mstari wa mwisho katika daftari la watumiaji umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Leza haiwaki. Fundi ameitwa."

Fundi aliitwa kweli. Wakala aliyeidhinishwa na watengenezaji ni mmoja tu nchini, na mhandisi wake hutoka nchi jirani, hivyo kabla hajagusa skrubu hata moja inabidi alipiwe nauli, malazi na posho. Ofisi ya ugavi ikanijibu kwamba haiwezi kulipa bila ankara kifani 3, yaani makadirio ya bei kutoka kwa wazabuni 3 tofauti. Nikaandika barua kueleza kwamba mwenye uwezo wa kuitengeneza ni mmoja. Nikaambiwa basi nilete barua 2 za wazabuni wengine wakikiri kwamba hawaiwezi kazi hiyo. (Mmoja wa niliowaendea huuza viti vya ofisi, alicheka, akagonga muhuri.) Makaratasi yalipokamilika, uhasibu wakasema kifungu hicho hakimo katika bajeti kwa sababu mashine ni ya mradi. Mtafiti mkuu akasema mradi umefungwa na akaunti yake pia. Mfadhili, kwa barua pepe ya adabu sana, akanikumbusha kwamba mradi ulipofungwa mashine ilikabidhiwa kwa taasisi na ni mali yake. Nimezungushwa kama pia, na kila aliyenizungusha ana karatasi inayomlinda.

Mkataba wa matengenezo wa mashine za aina hii kwa kawaida hugharimu karibu asilimia 10 ya bei ya kununulia kila mwaka. Kwa mashine ya dola 150,000 hiyo ni dola 15,000 kwa mwaka, baada ya dhamana ya mwaka wa kwanza kwisha. Nimesoma upya andiko la mradi wetu, kurasa zote, na sikuona mahali ambapo mtu yeyote alijiuliza fedha hizo zitatoka wapi. Kulikuwa na fedha ya uzinduzi, hiyo niliiona.

Marekani kuna mpango wa ruzuku unaoitwa S10, unaotolewa na NIH, Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, mahsusi kwa ajili ya mashine za kutumiwa na wengi. Kwa zile za gharama kubwa ruzuku imewahi kuruhusiwa kufika dola 2,000,000. Taasisi za nje ya Marekani haziruhusiwi kuomba, na hilo silalamikii, kodi ni yao. Ninachokionea wivu ni masharti. Mwombaji lazima aonyeshe watafiti wasiopungua 3 wenye miradi iliyokwisha kupata fedha ambao wataitumia mashine, awe na kamati ya kusimamia matumizi yake, aeleze itakavyoendeshwa na kwa fedha zipi, na taasisi yake itoe ahadi ya maandishi ya kubeba mzigo huo, kwa sababu S10 yenyewe hailipi matengenezo. Swali la siku mashine itakapoharibika huulizwa kabla fedha hazijatoka.

Sisi tunapata mashine kwa mlango wa mradi wa mtu mmoja. NIH hiyohiyo inapofadhili mradi moja kwa moja katika taasisi ya nje ya Marekani, fungu la gharama za uendeshaji wa taasisi huwa asilimia 8 ya gharama za mradi, na bei ya vifaa vikubwa huondolewa kwanza katika hesabu. Vyuo vingi vya kwao hupata zaidi ya asilimia 50. Lakini hata hiyo 8 inapoingia kwetu, sijawahi kuona shilingi yake ikirudi maabara, na hapo mfadhili hana kosa. Watafiti wetu nao wasijifiche. Kwenye jengo hilihili ipo mashine ya pili ya aina hiyo, nzima kabisa, ambayo ufunguo wa chumba chake umo katika mfuko wa profesa aliyeko safarini.

Mwezi uliopita mwanafunzi wa uzamili alipanda basi la alfajiri akiwa na mirija 24 ya damu ndani ya kisanduku cha baridi, akiipeleka mkoa mwingine kwenye mashine inayofanya kazi. Basi liliharibika njiani, barafu ikayeyuka, na alipofika jioni seli nyingi zilikuwa zimekufa. Wagonjwa waliotoa damu hiyo hawawezi kutolewa nyingine ya wakati uleule wa ugonjwa. Alinirudishia kisanduku bila kusema neno.

Kwa hiyo naomba walio kwenye ofisi za utafiti waje hapa wajibu: ni nani anayepitisha andiko lenye mashine lakini halina senti ya kuitunza, na anasaini akiwa na nini mezani? Naomba jibu kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo nimeitwa kwenye kikao cha kuandaa chumba cha mashine mpya ya aina ileile, ya mradi mwingine, na nimetakiwa niseme ile ya zamani ihamishiwe wapi.