Mjadala: Sehemu ya mapato ya umeme itunze misitu ya vyura, au huo ni upotevu?

Wakuu, kijiweni kwetu Kirumba kuna hoja imetugawa, naileta hapa tuijadili. Wenzangu wanasema fedha ya kutunza vyura wa milimani ni ya kutupa, kwani Mwanza umeme unakatika na chura hawashi taa. Mimi nasema sehemu ya mapato ya umeme itengwe kwa ajili ya misitu yao.

Kihansi, bwawa la umeme kwenye milima ya Udzungwa, ndiyo inatajwa kila mara. Chura wa pale, hafiki hata sentimita tatu, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Udzungwa, eneo la hekta mbili hivi linalolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai, anazaa, na ngozi ya tumbo la jike ni nyepesi mno hadi unawaona watoto wakiwa ndani. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakatika. Vyura 499 wakapelekwa Marekani. Waliobaki wakaporomoka 2003, ugonjwa wa kuvu nao ukiwemo, na 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Tangu 2012 wanarudishwa, wakinyunyiziwa maji kwa mabomba. Na mitambo? Inazalisha umeme mpaka leo! Habari ya kuchagua chura au umeme haipo kabisa.

Sasa wapo ndugu zake wanaoishi mitini, nao wanazaa. Spishi tatu zao zimetambuliwa 2025 tu. Hao adui yao ni shoka na moto. Msitu wanaoishi ndio unaoshika mvua na kuiachia taratibu kiangazi, ikashuka kwenye mito inayozungusha mitambo. Anayelalamikia mgao angeanzia hapo.

Jibu la wenzangu nalijua: sangara. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, furu, samaki wadogo wa asili, wa aina nyingi mno wakaisha, lakini viwanda vya minofu vikaajiri watu. Ni kweli, na wapo waliosomesha watoto kwa sangara. Ila wavuvi wa furu hakuna aliyewauliza. Baadhi ya furu walirudi miaka ya 1990, wengine ndiyo basi, na sangara mwenyewe siku hizi amepungua.

Anayepinga anijibu hili moja: msitu wa Udzungwa ukiisha, maji ya Kihansi ya kiangazi yatatoka wapi?